Chura wa Mti Ajengaye Kiota cha Povu

Mwanafunzi anapoanza kujifunza habari za amfibia hufundishwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba ngozi ya chura ni laini, haina magamba wala manyoya, na hupitisha maji kwa urahisi. Kwa hiyo chura akikaa juani kwa muda mrefu hukauka na kufa. La pili ni kwamba mayai ya chura hayana ganda, na kwa sababu hiyo hutagwa majini. Mambo haya ni ya kweli kwa vyura walio wengi. Lakini katika nyika, mbuga na vichaka vya nchi zetu yuko chura mmoja ambaye, kwa mtazamo wa kwanza, huyapinga yote mawili. Katikati ya kiangazi hushinda mchana kutwa juu ya tawi, pengine penye jua kali, bila kuteremka kunywa maji. Na mvua zinaponyesha, mayai yake huyataga hewani, ndani ya povu jeupe lililoning'inia juu ya dimbwi.

Chura huyu kitaalamu huitwa Chiromantis xerampelina. Jina hilo alipewa mwaka 1854 na Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, aliyewapata vyura hawa Msumbiji katika bonde la mto Zambezi. Neno la pili la jina hilo lina asili ya Kigiriki, nalo hudokeza rangi ya majani makavu ya mzabibu. Makala haya yanakusudia kueleza umbo la chura huyu, mahali anapoishi na hatua za maisha yake, na hasa kujibu swali hili: amfibia mwenye kuhitaji maji anawezaje kuishi mahali ambapo maji hayapo kwa miezi mingi ya mwaka?

UMBO NA RANGI

Chiromantis ni chura mkubwa kiasi miongoni mwa vyura wa miti. Jike aliyekomaa huweza kufikia urefu wa sentimita 9 hivi kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili. Dume ni mdogo zaidi. Macho ni makubwa, yametokeza kando ya kichwa, na mboni zake zimelala, yaani ni pana kwa ulalo kuliko kwa wima.

Vidole vyake vinastahili kuangaliwa kwa makini. Kila ncha ya kidole ina kifuko bapa cha mviringo kinachomwezesha kung'ang'ania gome, jani au hata ukuta. Zaidi ya hayo, katika mikono yake vidole viwili vya ndani huelekeana na viwili vya nje, kama kidole gumba cha binadamu kinavyoelekeana na vidole vingine. Hivyo chura huyu haambatani na tawi tu, bali hulishika. Vyura wengi wa bwawani wana miguu ya kuogelea na kuruka. Huyu ana mikono ya kupandia.

Ngozi ya mgongo ni ya kukwaruza kidogo, yenye rangi ya kijivu au kahawia na mabaka meusi yasiyo na mpango maalumu. Akijikunja juu ya gome huwa vigumu mno kumtambua, hata kwa mtu aliyesimama hatua moja tu kutoka alipo. Lakini rangi hiyo haidumu siku zote. Jua linapokuwa kali chura huyu hubadilika hatua kwa hatua hadi akawa mweupe kama chokaa. Wakati wa baridi au usiku rangi yake ya kijivu hurudi.

MAKAZI NA MTAWANYIKO

Chura huyu hupatikana kuanzia pwani ya Kenya, kupitia Tanzania, Malawi, Zambia na Msumbiji, hadi Zimbabwe, kaskazini mwa Botswana na kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Hapendi msitu mnene wenye kivuli cha daima. Makazi yake ni mbuga zenye miti, misitu ya miombo, migunga na vichaka vya pwani, yaani sehemu zenye msimu wa mvua na msimu wa ukame uliotengana waziwazi. Wakati wa kiangazi baadhi yao huingia katika nyumba za watu na kujificha katika mapaa, madirishani au nyuma ya masanduku, na usiku huonekana karibu na taa wakiwinda wadudu.

Ndugu zake wa jenasi hiyo hiyo wamegawana maeneo mengine ya Afrika. Chiromantis petersii huishi katika nchi kame za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Chiromantis kelleri yuko Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Na Chiromantis rufescens ni wa misitu ya mvua, kutoka Afrika Magharibi hadi Kongo na Uganda. Jambo la kustaajabisha ni kwamba familia yao, iitwayo Rhacophoridae, ni ya Asia. Jamaa zao kwa mamia huishi kutoka Bara Hindi hadi Japani na visiwa vya Indonesia, na jenasi hii peke yake ndiyo inayoiwakilisha familia hiyo barani Afrika.

JINSI ANAVYOHIFADHI MAJI

Mnyama yeyote wa nchi kavu hupoteza maji kwa njia kuu mbili: kwa kuvukizwa kutoka mwilini, na kwa kutoa taka. Na tuone jinsi chura huyu alivyoziba kila njia.

Kwanza ni ngozi. Vipimo vilivyofanywa katika maabara vimeonyesha kwamba ngozi ya mgongo wa chura huyu hupoteza maji kidogo sana, kiasi kinachokaribiana na kile cha mijusi. Baadhi ya vyura wa miti wa Amerika ya Kusini hupata kinga kama hiyo kwa kujipaka mwilini aina ya nta inayotoka katika tezi zao. Chiromantis hajipaki kitu. Kinga yake imo ndani ya ngozi yenyewe. Aidha, anapopumzika hukunja mikono na miguu yake chini ya kiwiliwili na kujibana kwenye tawi, hata sehemu laini za tumbo na mapaja zisiguswe na upepo. Kinachobaki nje ni mgongo tu.

Pili ni rangi. Katika ngozi yake mna seli zenye chembe zinazorudisha mwanga. Chura anapogeuka mweupe, sehemu kubwa ya mwanga wa jua hurudishwa badala ya kufyonzwa na kuwa joto. Ni kanuni ile ile inayomfanya mtu avae kanzu nyeupe siku ya jua.

Tatu ni mkojo, na hapa ndipo penye somo kubwa kwa wanafunzi wa biolojia. Protini inapovunjwa mwilini hubaki taka yenye naitrojeni, nayo lazima itolewe. Viumbe wa majini, kama viluwiluwi na samaki wengi, huitoa kama amonia. Amonia ni sumu kali na huhitaji maji mengi ya kuizimua, lakini kwao maji si tatizo. Binadamu na vyura wengi waliokomaa hutoa urea, ambayo si kali sana na huhitaji maji machache zaidi. Ndege na mijusi hutoa asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Hutoka kama uji mzito mweupe, na maji yanayopotea ni kidogo mno. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba njia hii ya tatu haipo kabisa kwa amfibia. Mwaka 1970 mtafiti J. P. Loveridge, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alitangaza kwamba Chiromantis xerampelina hutoa sehemu kubwa ya naitrojeni yake kwa njia ya asidi ya yuriki, kama afanyavyo mjusi. Tafiti zilizofuata zilithibitisha jambo hilo. Kwa hiyo sura ya vitabuni inayowapanga wanyama katika ngazi tatu, samaki kwa amonia, chura kwa urea na ndege kwa asidi ya yuriki, ni ya kweli kwa jumla tu. Inayoamua ni mazingira ya mnyama pamoja na kundi lake.

Lakini je, joto likizidi mno? Hapo chura huyu hufanya jambo lililo kinyume cha tabia yake yote ya ubahili. Joto la mwili wake linapokaribia nyuzi 40 za Selsiasi, tezi za ngozi hufunguka na kutoa maji, ambayo huvukizwa na kuupoza mwili. Kwa maneno mengine, hutoka jasho. Kwa njia hiyo mwili wake huweza kubaki chini ya joto la hewa kwa nyuzi chache. Maji aliyoyaweka akiba kwa siku nyingi huyatumia wakati ule tu ambapo kutoyatumia kungekuwa kifo. Usiku au mvua inaponyesha hujaza upya akiba hiyo, wala si kwa kinywa: kama vyura wengine, hukaa penye unyevu na kufyonza maji kwa ngozi ya tumbo.

HATUA ZA MAISHA

Kiota na mayai

Mvua za kwanza zinapojaza madimbwi, madume hukusanyika katika matawi yaliyoinama juu ya maji. Methali yetu husema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini chura huyu hana kelele za kumzuia mtu yeyote. Sauti yake ni milio ya chini, mifupi, isiyofika mbali, na mara nyingi humezwa na milio ya vyura wengine walio dimbwini.

Jike aliye tayari kutaga kwanza huteremka majini na kufyonza maji mengi. Kisha hupanda tawini, dume akiwa amemshika mgongoni, na kuchagua mahali palipo wima juu ya dimbwi. Hapo hutoa ute kutoka mirija yake ya mayai, na kuupiga kwa miguu ya nyuma, kushoto na kulia, kama mpishi apigavyo ute wa yai hadi ukaumuka. Hewa huingia, na ute huwa povu jeupe zito. Mayai, ambayo huwa mia kadhaa na pengine hupita elfu moja, hutagwa ndani ya povu hilo. Kazi hiyo huendelea kwa saa nyingi za usiku. Ute ukimwishia, jike huacha kazi, hushuka dimbwini kujaza maji, kisha hurudi kuendelea. Ndiyo kusema kwamba kiota kile chote kimetokana na maji aliyoyabeba mwilini mwake.

Mara nyingi dume si mmoja. Madume wengine, hata kufikia kumi au zaidi, huzunguka jozi ile na kumwaga mbegu zao katika povu hilo hilo. Uchunguzi umeonyesha kwamba mayai ya kiota kimoja huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Wataalamu walijiuliza kama jambo hili lina faida yoyote kwa watoto. Mwaka 2011 watafiti P. G. Byrne na M. J. Whiting walitangaza matokeo ya majaribio yao: watoto wa majike waliopandwa na madume wengi kwa pamoja walisalimika kwa wastani mkubwa kuliko watoto wa majike waliopandwa na dume mmoja.

Kulipopambazuka, sehemu ya nje ya povu huanza kukauka na kuwa gamba gumu, huku ndani kukibaki laini na lenye unyevu. Gamba hilo huzuia ukavu na jua. Povu lenyewe, likiwa limejaa vipovu vya hewa, ni ghala la oksijeni. Utafiti wa R. S. Seymour na J. P. Loveridge uliochapishwa mwaka 1994 ulieleza jinsi mayai na watoto wanavyopata oksijeni ndani ya kiota hicho, jambo ambalo lingekuwa gumu kama mayai hayo yangekuwa yamerundikana ndani ya tope la dimbwi lenye joto.

Kiluwiluwi

Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, lakini watoto hawatoki mara moja. Huendelea kukaa ndani ya povu, ambalo sasa limeanza kuyeyuka upande wa chini. Kwa kawaida kati ya siku ya nne na ya sita baada ya kutagwa, sehemu ya chini ya kiota hulegea, na viluwiluwi hudondoka majini mmoja baada ya mwingine, au kwa makundi mvua inapolipiga povu.

Kwa nini taabu yote hii ya kujenga juu? Jibu limo ndani ya dimbwi. Katika maji ya kudumu mna samaki, ambao hula mayai na viluwiluwi. Dimbwi la msimu halina samaki, lakini mna watoto wa kereng'ende, mende wa majini na viluwiluwi wengine wenye njaa. Yai lisiloweza kukimbia ni chakula rahisi kwao. Kiluwiluwi aliyedondoka akiwa na mkia wenye nguvu anaweza angalau kukimbia. Povu, basi, humvusha mtoto katika siku zake za udhaifu kabisa.

Majini kiluwiluwi hupumua kwa matamvua, hula mwani na mabaki ya mimea, na ana utumbo mrefu uliojizungusha, kama ilivyo kwa wanyama wengi walao mimea.

Mageuzi ya umbo

Baada ya wiki kadhaa tezi ya thairoidi ya kiluwiluwi huongeza homoni yake, na mwili wote huanza kujengwa upya. Miguu ya nyuma huchomoza kwanza, kisha ya mbele. Mapafu huchukua kazi ya matamvua. Utumbo hufupika, kwa kuwa chakula kitabadilika kuwa wadudu. Mdomo hupanuka. Mkia haukatiki wala hauanguki, kama baadhi ya wanafunzi wanavyodhani. Hufyonzwa na mwili, na vitu vilivyomo hutumika kama lishe wakati kijana huyo hawezi kula. Mwishowe kichura kidogo hupanda ukingoni, na kutoka hapo majanini.

Hatua hii yote ni mashindano na jua. Dimbwi likikauka wiki moja kabla ya miguu kukamilika, kizazi kizima cha dimbwi hilo hupotea.

MAADUI

Nyoka wa mitini na ndege humla chura aliyekomaa. Povu nalo halikosi wadokozi: tumbili wamepata kuonekana wakilila, na yuko chura mwingine mdogo wa matete, Afrixalus fornasini, ambaye huingiza kichwa ndani ya povu na kula mayai. Hata hivyo, vyama vya kimataifa vya hifadhi havimweki Chiromantis xerampelina katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Bado yuko kwa wingi.

Habari hiyo njema isitufanye tulale. Hapa Tanzania tuna mfano ulio karibu. Katika korongo la mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, Nectophrynoides asperginis, aliyeishi penye manyunyu ya maporomoko na si mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 maji mengi ya mto huo yalianza kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na manyunyu yakapungua. Mwaka 2003 idadi ya vyura hao iliporomoka, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ametoweka porini. Alisalimika kwa sababu moja tu: baadhi walikuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani, na kutoka huko wazao wao walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na korongoni kuanzia mwaka 2012. Umeme ulihitajiwa na taifa, na bado unahitajiwa. Lakini mfano huo hutufundisha kwamba chura haangamizwi kwa kuuawa tu. Yatosha kubadili njia ya maji yake.

Chura wetu wa povu huhitaji vitu viwili vidogo: dimbwi la msimu, na tawi lililoinama juu yake. Vyote viwili huondolewa kwa urahisi. Dimbwi hufukiwa au huingiwa na dawa za kuulia wadudu zinazotiririka kutoka mashambani, na mti wa ukingoni hukatwa kuni. Ni kweli kwamba maji yaliyotuama karibu na nyumba huzaa mbu wa malaria, na ushauri wa wataalamu wa afya kuhusu maji hayo hauna budi kufuatwa. Chura hawezi kutegemewa kuwamaliza mbu. Lakini dimbwi la porini, mbali na makazi ya watu, halistahili kuhukumiwa pamoja na shimo la taka lililo mlangoni.

KAZI KWA SHULE

Shule zilizo katika maeneo yaliyotajwa zinaweza kufanya uchunguzi wenye manufaa bila vifaa vya gharama. Mvua za kwanza zikishanyesha, wanafunzi wachague dimbwi moja na kulitembelea kila siku kwa saa ile ile wakiwa na mwalimu. Waandike katika daftari:

1. Tarehe ya mvua na tarehe ya kuonekana kiota cha kwanza.
2. Idadi ya viota, aina ya mti, na urefu wa kila kiota kutoka usawa wa maji.
3. Joto la hewa kivulini na joto la maji ya dimbwi.
4. Siku ambayo viluwiluwi wa kila kiota walianza kudondoka.
5. Kina cha maji kila wiki, na tarehe ya kukauka kwa dimbwi.

Kiota kisiguswe wala kukatwa, kwani gamba likipasuka mayai hukauka. Kichura kikishikwa, mikono iwe imelowa maji safi na ioshwe baada ya kazi.

Mwishoni mwa msimu wanafunzi walinganishe tarehe ya kukauka kwa dimbwi na hatua waliyofikia viluwiluwi. Wakirudia kazi hiyo kwa miaka mitatu au minne watapata kumbukumbu ambayo maabara ya mbali haiwezi kuipata: watajua kama mvua za mahali pao bado zinadumu kwa muda unaokitosha kiluwiluwi kuota miguu. Na mkulima wa kijiji hicho, ambaye mahindi yake hutegemea mvua hizo hizo, atakuwa na haki ya kuulizia matokeo.